Kuni, han, ken au kanda: ugawaji upi wa Japani uutumie unapoandika historia yake

Chukua kisiwa cha Awaji, kilichokaa kati ya Shikoku na Honshu. Ukiulizwa kiko sehemu gani ya Japani, una majibu manne, na yote ni ya kweli. Ni jimbo la kale la Awaji, mojawapo ya majimbo ya njia ya Nankaido. Ni milki ya ukoo wa Hachisuka, waliokipata 1615 na kukitawala kutoka Tokushima. Ni sehemu ya mkoa wa leo wa Hyogo, wenye makao yake Kobe. Ni kanda ya Kinki. Anayeandika hana budi kuchagua, na akikosea, msomaji wake atamtafuta mtawala Kobe kumbe alikuwa Tokushima, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Naruto.

Ulinganisho huu nawaandikia wanafunzi, wafasiri na wote wanaotengeneza makala na ramani za Kiswahili kuhusu Japani. Bado tuko wachache, na tunachoandika leo ndicho watakachonukuu wenzetu kesho, kwa hiyo inafaa tuelewane mapema. Msimamo wangu nautaja hapa hapa. Kwa jambo lolote la kabla ya 1871, anza na jimbo la kale, yaani kuni. Milki ya bwana, yaani han, ije pale unapozungumzia mamlaka, jeshi na mapato. Mkoa, yaani ken, ushike nafasi kuanzia mwisho wa 1888. Kanda iachwe kwa maelezo ya jumla. Miaka iliyobaki katikati ina kanuni yake, nami nitaifikia.

Kuni: jibu la "wapi"

Kuni zilitokana na mageuzi ya Taika yaliyoanza 645, zikakamilishwa na sheria za Taiho za 701. Serikali ya tenno, yaani mfalme mkuu wa Japani, ilijifunza kutoka China ya nasaba ya Tang: ardhi iwe ya dola, watu waandikishwe, kodi ikusanywe kwa hesabu. Nchi ikagawanywa ngazi tatu. Juu ilikuwa kuni, chini ya gavana aliyetumwa kutoka mji mkuu kwa kipindi maalumu. Iliyofuata ni gun, yaani wilaya, ambayo iliachwa mikononi mwa koo za wenyeji. Chini kabisa kijiji cha kaya 50. Kuni zenyewe hazikuwa sawa: kanuni za Engishiki, zilizokamilika 927, zinazipanga katika madaraja manne ya ukubwa na kutaja kama iko karibu, kati au mbali na mji mkuu.

Kuni zilikusanywa pia katika mafungu makubwa. Kuni tano zilizouzunguka mji mkuu, yaani Yamato, Yamashiro, Kawachi, Settsu na Izumi, zilikuwa fungu moja. Zilizobaki zilifuata njia saba zilizotoka hapo kwenda pembe za nchi: Tokaido kwenye pwani ya mashariki, Hokurikudo kaskazini, Nankaido kuvuka hadi Shikoku, na kadhalika. Njia hizo hazikuwa na magavana. Kyushu pekee, iliyoitwa Saikaido, ilikuwa na ofisi iliyosimama juu ya kuni zake, Dazaifu, kwa kuwa ndiko meli za Korea na China zilikofikia.

Kinachonifanya nizitangulize kuni ni utulivu wake. Mwanzoni yalikuwepo marekebisho: Izumi ilitengwa na Kawachi 757, Musashi ikahamishwa kutoka njia ya Tosando kwenda Tokaido 771, Kaga ikakatwa kutoka Echizen 823. Kuanzia 824 hesabu ikasimama kwenye kuni 66 na visiwa viwili, Iki na Tsushima. Ikakaa hivyo hadi enzi ya Meiji, iliyoanza 1868, zaidi ya miaka elfu moja. Koo ziliinuka na kuanguka, mji mkuu wa mamlaka ukahama kutoka Kyoto kwenda Kamakura na baadaye Edo (Tokyo ya leo), lakini mtu wa Sanuki alibaki mtu wa Sanuki.

Mipaka ilitulia, mamlaka hayakutulia. Kuanzia 1185 Minamoto no Yoritomo alipata idhini ya kuweka wasimamizi wake wa kijeshi, shugo, katika majimbo, na polepole gavana wa tenno akabaki na cheo kisicho na nguvu. Kufikia vita vya karne ya 15 na 16, kuni ilikuwa kitu cha kugombewa na haikuwa tena ofisi ya serikali. Kwa hiyo usiitumie kumweleza msomaji nani alitoza kodi mwaka 1560. Itumie kumwonyesha mahali.

Faida nyingine ni kwamba vitu vyenyewe vinajitambulisha kwa kuni. Mapanga ya Osafune yana saini ya Bizen. Tambi nene za mkoa wa Kagawa bado zinaitwa za Sanuki, na ngoma ya kiangazi ya Tokushima inaitwa Awa Odori. Hata vituo vya reli hutofautishwa kwa kuni, kama Musashi-Kosugi. Ukiandika juu ya sanaa, ufundi, chakula au dini ya Japani bila kuzijua kuni, utakuwa unarudia majina usiyoweza kuyaweka kwenye ramani.

Kuna mitego miwili ya kuangalia. Awa ziko mbili: moja ni Tokushima ya leo, nyingine ni ncha ya kusini ya mkoa wa Chiba. Kwa herufi za Kijapani zinatofautiana, kwa maandishi yetu hazitofautiani hata kidogo, kwa hiyo mkoa wa leo lazima utajwe kando. Mtego wa pili ni majina yaliyopangwa kwa umbali kutoka mji mkuu. Echizen iko karibu zaidi, Etchu katikati, Echigo mbali. Bizen, Bitchu na Bingo vilevile. Kazusa, "ya juu", iko kusini mwa Shimousa, "ya chini", jambo linalowachanganya wachoraji wa ramani. Zamani wasafiri walivuka ghuba kwa mashua kutoka rasi ya Miura na kuifikia Kazusa kwanza.

Han: jibu la "nani" na "kiasi gani"

Msingi wa kuni ulikuwa ardhi. Msingi wa han ulikuwa mchele. Toyotomi Hideyoshi alipopima mashamba ya nchi mwishoni mwa karne ya 16, kila eneo lilipewa thamani kwa koku, kipimo cha takriban lita 180, ambacho kilihesabiwa kumlisha mtu mzima mwaka mmoja. Chini ya watawala wa Tokugawa, 1603 hadi 1868, mwenye eneo la koku 10,000 au zaidi alikuwa daimyo. Idadi yao ilipanda na kushuka, mwishoni wakiwa kati ya 260 na 270 hivi. Ukoo wa Maeda ulizidi koku milioni moja na ulishika Kaga, Noto na Etchu. Hachisuka wa Tokushima, pamoja na Awaji yao, walikuwa na 257,000.

Sasa jaribu kuzichora milki hizo. Ukoo wa Date wa Sendai, kaskazini-mashariki, ulikuwa na vijiji Hitachi na hata Omi, mamia ya kilomita kutoka kwenye ngome yao. Kijiji kimoja kiliweza kugawanywa kwa mabwana wawili au watatu, kila mmoja akichukua kodi yake. Shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa, aliweza kumhamisha daimyo kutoka milki moja kwenda nyingine. Na sehemu kubwa ya nchi haikuwa na daimyo kabisa: ardhi ya shogun mwenyewe ilifikia koku milioni 4 hivi, ikiwemo Osaka, Nagasaki na machimbo ya dhahabu ya Sado, na juu ya hapo kulikuwa na ardhi za watumishi wake, mahekalu na nyumba ya tenno. Ramani ya han peke yake ina matundu kila upande.

Kaskazini kabisa mfumo wenyewe uligoma. Ukoo wa Matsumae, kusini mwa kisiwa tunachokiita Hokkaido, haukuwa na mpunga wa kupimwa. Utajiri wake ulikuwa haki ya kufanya biashara na Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, na hadhi yake ya udaimyo ilitolewa kwa hesabu ya kukubaliana tu.

Hata hivyo kuna maswali ambayo kuni haiwezi kuyajibu hata ukiikamua. Nani alikopa na kufilisika? Nani alinunua bunduki za Ulaya? Nani aliuangusha utawala wa Tokugawa? Hapo ni han: Satsuma, Choshu, Tosa na Hizen. Lakini andika wazi kwamba unazungumzia han. Satsuma kama kuni ni nusu ya magharibi ya Kagoshima ya leo. Satsuma kama milki ya ukoo wa Shimazu ilishika Satsuma, Osumi na sehemu ya Hyuga, na tangu 1609 ikaubana ufalme wa Ryukyu ulioko mbali kusini. Choshu nayo ilikaa juu ya kuni mbili, Nagato na Suo. Nimesoma makala nyingi zinazoruka kutoka Satsuma moja kwenda nyingine katika aya ile ile, na mwanafunzi anayezifuata hana njia ya kujua.

Miaka ya katikati, 1868 hadi 1888

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo tukae kidogo.

Serikali mpya ya Meiji ilianza 1868 kwa kuchukua ardhi ya shogun na kuigeuza kuwa fu, yaani mikoa ya miji mikubwa, na ken. Milki za madaimyo zikaachwa na kuitwa rasmi han. Hadi hapo neno hilo halikuwa la kiserikali. Mwaka 1869 madaimyo walimrudishia tenno ardhi na watu wao, wakateuliwa kuwa magavana wa milki zile zile. Tarehe 29 Agosti 1871 zikafutwa zote kwa amri moja. Siku hiyo Japani ikawa na fu 3 na ken 302, nyingi zikiwa han za jana zilizobadilishwa jina. Kabla mwaka haujaisha zikaunganishwa kuwa fu 3 na ken 72. Kufikia 1876 ken zilibaki 35.

Muunganiko huo ulipita kiasi. Watu walijikuta wakipeleka mashauri na kodi kwenye miji iliyo mbali, ng'ambo ya milima, na mabaraza ya mikoa yakawa uwanja wa kugombea barabara na mabwawa. Zikaanza kuachana. Tokushima ilitoka Kochi 1880. Fukui na Tottori zikarudi 1881. Mwaka 1883 Toyama ilitoka Ishikawa, Saga ikatoka Nagasaki, Miyazaki ikatoka Kagoshima. Nara ilijitenga na Osaka 1887. Ya mwisho ilikuwa Kagawa, iliyotoka Ehime tarehe 3 Desemba 1888. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba nyingi zilirudi kwenye mipaka ya kuni za zamani: Toyama ni Etchu, Nara ni Yamato, Tokushima ni Awa, Kagawa ni Sanuki.

Awaji haikurudi. Mwaka 1870 samurai wa Tokushima waliushambulia ukoo wa Inada, watumishi wakubwa wa Hachisuka waliokaa Sumoto, wakiwatuhumu kutaka kujitenga. Serikali iliwaadhibu washambuliaji, na Inada wakapelekwa kufungua makazi Shizunai, Hokkaido. Awaji na Awa zikaendelea pamoja katika mkoa ulioitwa Myodo, ambao leo hakuna anayeukumbuka isipokuwa wasomaji wa hati. Mwaka 1876 Myodo ikavunjwa: Awa ikaunganishwa na Kochi, Awaji ikapewa Hyogo. Ugomvi wa 1870 hutajwa sana kama sababu, na nadhani ulichangia, lakini kulikuwa pia na haja ya kuipa Hyogo ukubwa wa kubeba bandari ya Kobe. Mwaka ule Hyogo ilibeba Harima nzima, Tajima nzima, vipande vya Tanba na Settsu, na kisiwa chenyewe.

Ken: mkoa uliodumu

Tangu 1888 ramani ya mikoa imebadilika kidogo sana, na hiyo ndiyo nguvu yake. Eneo la Tama lilihamishwa kutoka Kanagawa kwenda Tokyo 1893. Mkoa wa Tokyo na jiji la Tokyo viliunganishwa kuwa kitu kimoja Julai 1943, katikati ya vita. Mwaka 2005 kijiji chenye Magome, kituo maarufu cha barabara ya kale ya Nakasendo, kilitoka Nagano na kuingia Gifu. Jumla ni 47: Tokyo, Hokkaido, fu mbili za Osaka na Kyoto, na ken 43.

Ila mkoa wa 1900 si mkoa wa leo kwa tabia. Gavana aliteuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, iliyoanzishwa 1873 chini ya Okubo Toshimichi, na alikuwa mkono wa Tokyo. Ni 1947, pamoja na katiba mpya na sheria ya kujitawala kwa serikali za mitaa, wananchi walipoanza kumchagua. Ukilinganisha gavana wa 1930 na wa 1950, umelinganisha vyeo viwili tofauti.

Okinawa na Hokkaido zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu mifumo yote niliyoitaja ilipelekwa huko na wenye nguvu. Ryukyu, yaani Okinawa ya leo, ilikuwa ufalme. Tokyo iliutangaza kuwa han 1872, wakati han zote nyingine zimeshafutwa, kisha 1879 ikamwondoa mfalme Sho Tai na kuufanya mkoa. Baada ya vita ulitawaliwa na Marekani hadi 15 Mei 1972. Hokkaido ilipewa jina hilo 1869, pamoja na kuni 11 zilizochorwa juu ya ardhi ya Waainu; ikawa mikoa mitatu, Hakodate, Sapporo na Nemuro, kuanzia 1882 hadi 1886, ndipo ikawekwa chini ya ofisi moja. Ukiandika "jimbo la kale" kwa kuni hizo 11 unampotosha msomaji. Hazina ukale wowote.

Chini ya mkoa mambo hayakutulia kabisa. Gun zilipoteza mabaraza yake 1923 na ofisi zake 1926, zikabaki majina ya anwani. Miji na vijiji vilishuka kutoka 71,314 hadi 15,859 mwaka 1889, kutoka 9,868 hadi 3,472 kati ya 1953 na 1961, na kutoka 3,232 hadi 1,727 kati ya 1999 na 2010. Awaji ilikuwa na gun mbili, Tsuna na Mihara. Sasa hazipo, na kisiwa kina majiji matatu. Jina la kijiji bila mwaka, kwa hiyo, halimfikishi msomaji popote.

Kanda: kwa jumla tu

Hokkaido, Tohoku, Kanto, Chubu, Kinki, Chugoku, Shikoku, Kyushu pamoja na Okinawa: kanda nane za vitabu vya shule. Hazina gavana, baraza wala bajeti, kama vile Kanda ya Ziwa inavyotajwa kila siku Tanzania bila kuwa na serikali yake. Hata mipaka yake haikubaliani. Mie huwekwa Kinki darasani, lakini kibiashara inaelekea Nagoya. Niigata huhesabiwa Chubu huku umeme wake ukitoka kampuni ya Tohoku.

Majaribio ya kuzipa mamlaka yalikuwepo. Serikali ya Tanaka Giichi ilipendekeza 1927 majimbo makubwa sita. Juni 1945, kwa hofu kwamba Wamarekani wangetua na kuikata nchi vipande, ziliundwa ofisi nane za kanda. Zikafungwa Novemba mwaka ule ule. Mwaka 2006 baraza la ushauri la serikali lilitoa michoro ya kuigawa nchi kanda 9, 11 au 13, na mjadala ukaishia hapo. Kwa historia ya kabla ya karne ya 20 sioni sababu ya kutumia kanda, isipokuwa pale unapomwelekeza msomaji asiyeijua Japani kabisa.

Kwenye meza ya kuandikia

Tuseme unaandika wasifu wa Ito Hirobumi, aliyezaliwa 1841 na kuwa waziri mkuu wa kwanza 1885. Alizaliwa jimbo la Suo, ambalo leo liko katika mkoa wa Yamaguchi. Hilo ni jibu la mahali. Aliinukia katika utumishi wa milki ya Choshu. Hilo ni jibu la mamlaka, nalo ndilo linaloeleza kwa nini alifika alikofika. Ukiandika tu "alizaliwa Yamaguchi" hujakosea kwenye ramani, lakini umeondoa kilichompa nafasi.

Unachora ramani ya vita vya 1868? Weka mistari ya kuni chini, kisha rangi za han juu yake. Unalinganisha elimu au afya ya miaka ya 1920? Ken inatosha. Unaandaa kitabu cha watoto chenye kurasa chache? Kanda nane, na usiongeze.

Kwa miaka ya 1871 hadi 1888 andika mambo matatu pamoja: mji, ken ya mwaka ule, na kuni. Mtu wa Takamatsu ambaye hakuhama nyumba alikuwa mkoa wa Kagawa 1872, Myodo 1874, Kagawa tena mwanzoni mwa 1876, Ehime 1880, na Kagawa kwa mara ya tatu 1889. Hati yake ya 1874 inasomeka vizuri ikiandikwa "Takamatsu, mkoa wa Myodo, jimbo la Sanuki", na ya 1880 "Takamatsu, mkoa wa Ehime, jimbo la Sanuki".